Maganda ya Viazi na Farasi Mweupe

Jumatano, tarehe 10 Julai 1996. Mvua nyembamba tangu alfajiri, ile isiyokulowesha mara moja. Saa nane jua kidogo. Farasi mweupe amelala chini.

Hayo ndiyo niliyoandika katika daftari langu siku ile, basi. Yanayofuata nayatoa kichwani, na kichwa changu nakijua, kinapenda kunitetea. Nikifika mahali ambapo sina hakika, nitasema.

Majira yale ya joto nilipata kazi ya kusaidia jikoni katika kambi ya watoto ya likizo, kule Berchem, ukingoni mwa Bruseli, mwisho wa tramu, mahali ambapo nyumba zina bustani mbele na asubuhi unasikia jogoo. Sisi tulikaa Saint-Josse, orofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa. Watoto wa kambi walikuwa kama sitini, walikuja asubuhi na jioni wakarudi kwao. Binti yangu wa miaka minane aliruhusiwa kuja nami, kwa hiyo kila siku tulipanda tramu pamoja, yeye na kijimfuko chake, mimi na aproni yangu.

Jikoni tulikuwa wawili. Mpishi mkuu alikuwa mama wa hapo hapo Berchem, mkali kwa saa na kwa chumvi. Lakini haki yake niiseme: siku za soseji za nguruwe alizikata na kuzipika mwenyewe, na sufuria akaiosha mwenyewe, bila mimi kumwomba mara mbili. Nje kulikuwa na baba mmoja wa Lubumbashi, mkata majani, ambaye sisi sote tulimwita tonton, yaani mjomba. Alikuwa na kofia ya sufu hata kwenye jua, na alikuwa akinitania tangu siku ya kwanza aliposikia natoka Bujumbura.

"Kumbe, maman, banasema kwenu mutu anakula samaki mudogo vile, ile ya kupoteza mu meno."

"Na kwenu mnakula nini, tonton?"

"Shiye? Shiye tunakula bukari, ile ugali yetu, mpaka mutu anasahau deni yake."

Nyuma ya uwanja wa michezo kulikuwa na uzio, na nyuma ya uzio farasi watatu. Wawili wa kahawia, mmoja mweupe, mzee, mgongo umeingia ndani kama kitanda cha kamba. Walikuwa mali ya mzee mmoja Mflamand, Mbelgiji wa lugha ya Kiholanzi, aliyekaa ng'ambo ya barabara. Aliwakubalia watoto wa kambi kuja kuwasalimia kila asubuhi, na mwisho wa mwezi wale wakubwa wangepanda.

Siku ya kwanza ya kuwasalimia nilitazama kupitia dirisha la jikoni. Moniteri, msichana mwanafunzi aliyewasimamia watoto, aliwapanga watoto mstari mmoja na kuwafundisha. Mkono wazi, kidole gumba kimebanwa pembeni, na ndani ya mkono hakuna kitu. Kwanza farasi anakunusa ajue wewe ni nani, alisema, mengine baadaye. Watoto wakaenda mmoja mmoja. Wengine walicheka kwa sababu ya ndevu za farasi, ndevu kweli, nyeupe, zinazochoma kidogo. Binti yangu alifika karibu, farasi mweupe akateremsha kichwa, na yule mtoto akaficha mikono yote miwili nyuma. Akarudi mwisho wa mstari. Zamu yake ilipofika tena, akarudi tena mwisho.

Jioni kwenye tramu aliniambia, "Mama, meno yake ni kama ya mtu."

"Ulimwogopa?"

"Hapana. Nilikuwa sina kitu cha kumpa."

Hapo ndipo nilipokosea, nadhani. Ningeweza kumwambia afuate alivyofundishwa. Lakini mimi mwenyewe, pale dirishani, niliona lile somo si adabu. Kumnyooshea mnyama mkono usio na kitu ni kumdanganya. Kwetu hata mgonjwa humwendei hivyo, hata mtu uliyegombana naye. Nikamwambia binti yangu maneno niliyoambiwa na mama yangu, mkono mtupu haulambwi. Nikamwambia kesho tutapata kitu.

Na kitu kilikuwepo. Kilikuwa kimejaa ndoo.

Labda mtu wa hapa hataelewa habari ya maganda. Katika uwanja wetu wa Buyenzi, kule Bujumbura, tulikuwa nyumba sita, na maganda yalikuwa na mwenyewe. Jirani mmoja alifuga mbuzi wanne, na kila jioni alipita na beseni lake, huyu anatoa maganda ya ndizi, yule ya mihogo. Mwanamke aliyetupa maganda yake mtaroni aliulizwa ana ugomvi gani na nani. Idi ikifika, kila nyumba ilipata kipande chake cha nyama, na hakuna aliyesema kipande hiki ni cha maganda yale, lakini tulijua. Sasa Bruseli nilikuwa nimekaa miaka mitatu nikitia maganda katika mfuko wa taka na kuufunga kwa kamba. Kila nilipoufunga niliona aibu kidogo, kama mtu aliyekula peke yake. Aibu hiyo sikumwambia mtu, hata mume wangu. Angecheka.

Basi kule kambini, watoto sitini, viazi karibu kila siku. Nikatazama ndoo, nikatazama farasi kupitia dirisha, nikasema moyoni, wenyewe hawa hapa.

Mpishi mkuu aliniona natoka na ndoo. Akauliza naipeleka wapi. Nikasema kwa farasi. Akainua mabega, akasema yeye mambo ya farasi hayajui. Hakunikataza na hakuniruhusu, na baadaye sikupenda kusema kwamba aliniruhusu.

Kulikuwa pia na kibao kwenye uzio. Kilisema kwa lugha mbili kwamba ni marufuku kulisha farasi. Upande wa Kifaransa niliusoma vizuri, siwezi kujificha nyuma ya lugha. Nilikisoma, nikafikiri kinawaambia wapita njia. Mimi nilipika chakula cha nyumba ile. Mtu wa jikoni si mpita njia.

Binti yangu alishika ndoo kwa mikono miwili, tukaenda saa nane, watoto wengine walipokuwa ndani wamepumzika. Farasi mweupe alikuja wa kwanza. Aliingiza kichwa chote ndani ya ndoo, na mtoto akaishikilia, ndoo inatikisika, naye anatikisika pamoja nayo, macho ameyafumba. Halafu akayafumbua. Ndoo ilipoisha farasi alitoa kichwa, pua imejaa wanga, akampulizia mtoto pumzi usoni. Binti yangu akaniangalia kama mtu aliyeitwa jina lake mbele ya watu.

Tangu siku ile alikwenda bila mimi. Asubuhi, kwenye mstari wa moniteri, farasi mweupe alikuwa akiacha watoto wengine na kumfuata yeye kando ya uzio. Watoto wengine walianza kumwuliza anafanyaje. Mtoto huyu, ambaye shuleni mwalimu alikuwa ameandika katika ripoti kwamba haongei, sasa alikuwa anaongea kambi nzima. Nilifurahi. Nilijiona nina akili kuliko moniteri, na hilo pia naliandika.

Jumanne ilikuwa siku ya viazi vya kuponda. Maganda yalikuwa ndoo mbili. Mengine yalikuwa na ukijani, kwa sababu gunia lilikaa karibu na dirisha. Tulizipeleka zote mbili, mimi moja, yeye moja. Wale wa kahawia walipata kidogo. Mweupe aliwasukuma kwa bega na kula karibu yote.

Jumatano tulipofika, watoto wote walikuwa kwenye uzio na hawapigi kelele. Farasi mweupe alikuwa chini. Akainuka miguu ya mbele, akakaa hivyo, akageuza shingo kuangalia tumbo lake mwenyewe, akalala tena na kugaagaa kwenye matope. Jasho lilikuwa limemtoka shingoni ijapokuwa kulikuwa na baridi. Moniteri aliwaingiza watoto ndani. Mzee Mflamand alikuja na mabuti yake, amevaa koti juu ya nguo za kulalia, akaenda moja kwa moja kwa farasi. Alimshika farasi masikio, kwanza moja, halafu lingine, kama unavyomshika mtoto paji la uso.

Kisha akaangalia huku na huku, akaona lundo la majani kando ya uzio, upande wa farasi. Akaingiza mkono ndani yake. Yalikuwa majani ya mashine, yaliyokatwa Jumatatu, na ndani yalikuwa yamepata moto. Nilimwona akitoa mkono na kuyanusa. Akauliza kwa Kifaransa chake kigumu nani aliyetupa haya. Hakukuwa na haja ya kuuliza. Mkata majani alikuwa mmoja.

Mkuu wa kambi akamwita tonton. Alikuja ameshika kofia mkononi, na ndiyo mara ya kwanza nilipoona ana mvi.

"Ndiyo," alisema, "ni mimi niliyeyaweka. Nilifikiri ni chakula."

Mzee Mflamand akamweleza daktari wa wanyama, aliyekuwa amefika na gari lake, kwamba majani yaliyolala hivyo yanachacha, farasi akiyala tumbo linafunga. Mkuu wa kambi akamwambia tonton asikate tena leo, akae, na saa kumi waongee ofisini. Hakusema kwa ukali. Lakini sisi wote tuliofanya kazi za msimu tulijua maana ya kuongea ofisini saa kumi.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko, na ndoo mbili zilikuwa zimepangwa ukutani nyuma yangu, zimeoshwa.

Binti yangu alitoka kwenye kundi akaja. Akasimama karibu nami, hakuniangalia, aliangalia ndoo.

"Mama, ni sisi?"

"Sijui."

"Ukisema, hawataniacha nimguse tena."

Nilimrudisha kwa moniteri, nikaingia ndani, nikaanza kumenya karoti. Hapa ndipo kichwa changu kinapenda kunitetea, kwa hiyo nitaandika saa. Nilinyamaza kuanzia saa tatu mpaka karibu na saa saba. Nilijiambia ni majani, mwenye farasi mwenyewe amesema ni majani. Nilijiambia maganda ni chakula safi, hata mbuzi mwenye mimba kwetu hupewa. Nilijiambia mtoto wangu amepata kitu kimoja tu katika nchi hii ambacho hakupewa na mtu wa ofisi, na mama gani atakwenda kumnyang'anya. Na kupitia dirisha nilimwona tonton amekaa kwenye benchi la watoto, benchi fupi, magoti yamemfika kifuani, anazungusha kofia.

Daktari alipitisha mpira mrefu puani mwa farasi na kumimina mafuta. Halafu akaweka sikio tumboni kwa chombo chake, muda mrefu, upande huu na upande ule. Akatingisha kichwa. Nilimsikia akimwambia mkuu wa kambi kwamba tumbo bado kimya, kwamba angependa kujua amekula nini hasa na kiasi gani, kwa sababu kile kidogo alichoona kwenye kinyesi cha jana hakifanani na majani.

Karoti zilikuwa zimekwisha. Nilikausha mikono, nikachukua ndoo zote mbili, kwa sababu Kifaransa changu nikiogopa kinakimbia, nikatoka nje.

Sikwenda kwa mkuu wa kambi. Nilikwenda kwa daktari. Nikaweka ndoo chini mbele yake, nikasema, "Viazi. Maganda. Jana, hizi mbili. Wiki nzima, moja moja."

"Mabichi?"

"Mabichi."

"Na yenye rangi ya kijani?"

"Yalikuwepo."

Aliuliza kama yalikatwa au marefu, nikaonyesha kwa kidole. Aliandika. Hakunigombeza. Mkuu wa kambi aliniuliza kama sikuona kibao, nikasema nilikiona na kukisoma. Akauliza tena, nadhani alitaka kunipa mlango wa kutokea, nikasema tena nilikisoma. Mzee Mflamand alisema maneno mengi kwa lugha yake, huku anaangalia ndoo. Nilimwomba daktari anitafsirie. Daktari akasema, "Anasema ungemwuliza tu." Yale maneno yalikuwa mengi kuliko hayo, lakini sitaongeza yasiyotafsiriwa.

Niliuliza kama ni mimi niliyemwua. Daktari akasema kwanza hajafa. Halafu akasema inaweza kuwa majani, inaweza kuwa maganda, inaweza kuwa vyote viwili, na huyu ni mzee wa meno manne yanayofanya kazi, anaweza kuumwa hata kwa nyasi za Mungu. Nilimsikiliza. Lakini niliona ameongeza dawa nyingine ambayo mwanzo hakuitoa.

Tonton alikuwa amesimama nyuma yangu tangu mwanzo. Nilitegemea shukrani, naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Akanivuta pembeni.

"Maman, masaa ine yote uliniacha niive?"

"Nisamehe, tonton."

"Ine. Miye niko pale ku kiti ya batoto, ninafunga valizi yangu mu kichwa, na weye uko namenya karoti. Nilikuwa nakuona ku dirisha. Nikasema, ile maman ya Buja anamenya karoti sana leo."

Akavaa kofia yake.

"Bon. Alors tunagawana farasi. Weye kamata kichwa, miye mukia."

Na ndivyo ilivyokuwa, karibu. Daktari alisema farasi asilale, atembezwe mpaka tumbo lifunguke. Mzee Mflamand alichoka baada ya mizunguko michache, miguu yake haikuwa mizuri, akampa tonton kamba. Sikuombwa, lakini nilitembea upande wa pili, mkono wangu kwenye shingo yenye maji. Lilikuwa jambo la ajabu, nilikuwa nimemlisha wiki nzima na sikuwahi kumgusa. Ngozi yake ilitetemeka kila nilipoondoa mkono. Mpishi mkuu aligawa chakula cha watoto sitini peke yake, na hakulitaja kamwe. Mvua ikakatika. Watoto walikuwa wamebandika nyuso kwenye vioo, na binti yangu alikuwa kioo cha mwisho, peke yake.

Kitu tulichokuwa tunangojea kilikuwa kinyesi. Daktari alisema akinya ataishi. Mkuu wa kambi, mtu wa kuvaa tai, alikuwa anangojea kinyesi. Mzee alikuwa anangojea kinyesi, ameegemea uzio kama mtu anayengojea barua. Ilipokaribia saa tisa farasi alisimama, akainua mkia, na tonton, aliyekuwa upande ule kama tulivyogawana, akavua kofia yake kwa heshima.

"Maman," aliniita, "kuya uone maganda yako."

Yalikuwemo. Yalikuwemo na majani pia. Daktari aliyachambua kwa kijiti na kusema sawa, sawa. Mzee Mflamand alifuta uso kwa mkono wa koti.

Saa kumi tuliongea ofisini, wawili, tonton na mimi. Mkuu wa kambi alisema majani yatapelekwa kwenye gari la taka, na maganda kwenye mfuko mweusi, na mtu yeyote wa kambi hatampa farasi kitu tena, awe mkubwa au mdogo. Kisha akasema tuonane kesho. Hakuwa na lazima ya kufanya hivyo. Alituadhibu kidogo kuliko tulivyostahili, mimi hasa.

Kwenye tramu binti yangu alikaa dirishani. Katikati ya njia akasema, "Sasa nitamwendea na nini?"

"Na mkono."

"Mtupu?"

"Mtupu. Kama moniteri alivyosema."

"Wewe ulisema haulambwi."

Nilimwambia kwamba maneno yale ni ya watu, labda farasi wana yao. Lilikuwa jibu dogo, na yeye aliliona dogo. Mpaka leo, naye ni mtu mzima, anasema kwamba mwisho wa mwezi ule farasi mweupe alimlamba mkono usio na kitu, mbele ya moniteri. Mimi nilikuwa jikoni siku hiyo, sikuona, kwa hiyo naliandika kama lake.

Nyumbani ndizi mbichi zilikuwa mezani, kichane kizima, nilizinunua Jumapili kwa ajili ya siku hiyo. Niliziangalia, na maganda yake, nikiwa bado na koti. Mume wangu alipotoka kazini aliuliza kwa nini hazijapikwa, nikasema kesho. Alimwangalia mtoto, akaniangalia mimi, akanawa mikono. Tulikula ugali na ndagala, wale samaki wadogo, wa kukaanga, na nyanya juu, nilizozikata na ngozi zake, pasibaki ganda.